Kutengua Usasishaji na Swali la Lililokwisha Kutendeka

Katika mifumo ya Linux, programu husambazwa kwa vifurushi, yaani mafungu ya mafaili yanayosimamiwa na programu maalumu, ambayo huweka, huondoa na kusasisha kila kifurushi pamoja na vingine kinavyovitegemea. Katika Fedora msimamizi huyo huitwa DNF, naye hutunza kumbukumbu za kila muamala kwa nambari yake, hata mtu akisasisha na kukuta mambo yameharibika huweza kuamuru muamala huo utenguliwe na matoleo ya zamani yarudishwe, ikiwa bado yanapatikana. Lakini utenguzi wenyewe huandikwa kama muamala mpya, wenye nambari inayofuata, na ule wa kwanza haufutwi.

Hapo fundi hukutana, pengine bila kujua, na swali lililojadiliwa na wanateolojia wa Ulaya tangu karne ya 11: je, Mungu anaweza kulifanya lililokwisha kutendeka liwe halikutendeka kamwe? Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alijibu kwamba hapana, kwa kuwa jambo hilo linajipinga lenyewe na halimo miongoni mwa yawezekanayo, wala hilo haliupunguzi uweza wa Mungu.

Ugumu huonekana wazi katika hifadhidata. Data za programu ya hifadhidata ya MySQL, toleo la 5.7, zikishasasishwa ziwe za 8.0, kurudisha kifurushi cha zamani hakusaidii, maana toleo hilo haliwezi kuzitumia. Hurejeshwa nakala iliyohifadhiwa kabla ya kusasisha, na, ikiwa ni hifadhidata ya malipo, malipo yote yaliyopokewa baadaye hayamo ndani yake. Hata NixOS, aina ya Linux ambayo huacha matoleo ya awali ya mfumo mahali pake ili mtu achague la kuwasha, hairudishi nyuma data za watumiaji.

Imamu Nawawi, aliyeishi Sham katika karne hiyohiyo ya Aquinas, alilikabili suala hili kwa upande wa vitendo, na pengine kwa manufaa zaidi. Toba, alieleza, ina masharti matatu, nayo ni kuacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia; na kosa likihusu haki ya mwanadamu, huongezeka la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake. Kwa kipimo hicho, msimamizi wa mfumo aliyerejesha nakala ya jana akaacha malipo ya leo bila kuyaandika upya, bado anadaiwa na waliolipa.