Moshi katika Nyumba za Watu: Nasaha kwa Wavutao Tumbaku

Siandiki haya ili kuwakataza watu wazima tumbaku yao, kwani mtu mwenye akili timamu, aliyekwisha kuyasikia maneno ya matabibu kisha akachagua alilolichagua, hesabu yake i baina yake na Mola wake. Niandikalo ni jambo jingine, nalo limenikera muda mrefu hata nimeona kwamba kunyamaza ni kushiriki: ni mtu kuingia katika sebule ya mwenziwe, akaketi, akapokea kahawa, na kabla kikombe cha pili hakijamiminwa akatoa pakiti mfukoni, akawasha kiberiti, akaujaza moshi ukumbi ambamo watoto wa nyumba hulala, pasipo kuuliza, wala kutazama ni nani waliomo, wala kukumbuka kwamba hakuna aliyemo humo awezaye kuacha kuvuta pumzi mpaka yeye amalize.

Wako watakaonijibu kwamba tumbaku si ngeni kwetu, na wasemalo ni kweli. Jani hili lilitoka bara la Amerika, likaenezwa na Wareno na mabaharia wengine hata likafika pwani yetu zamani sana, na wazee wetu wakalitia katika tambuu, wakalisaga likawa ugoro, wakalivuta kwa kiko na kwa buruma. Walakini wazee niliowadiriki mimi katika Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa na mahali pa jambo lao. Nyumba zilikuwa na baraza nje ya mlango, na hapo ndipo wanaume walipoketi baada ya swala ya alasiri, na mwenye kiko akakitia moto huku upepo ukiuchukua moshi kuelekea baharini. Mlango ulikuwa mpaka. Aliyekaribishwa ndani alikizima kiko chake kizingitini akakiacha nje pamoja na viatu vyake, na hakuwapo aliyemwambia afanye hivyo. Siku hizi baraza nyingi zimezibwa zikawa maduka, watu wamehamia ghorofani katika vyumba vidogo vyenye dirisha moja, na ule mpaka umepotea pamoja na baraza. Hiyo ni sababu, nami naitambua, ila siikubali kuwa udhuru.

Mvutaji ninayetaka kumfahamisha zaidi ya wote ni yule mwenye tabia njema, ambaye huuliza. Yeye huiweka sigara midomoni, akashika kiberiti mkononi, akamtazama mwenyeji wake na kusema, "Hapana neno nikivuta?" Sasa mwenyeji wa kwetu, aliyelelewa tangu utotoni kwamba mgeni hakatazwi kitu na wala hakunjiwi uso, ajibu nini? Atasema, "Vuta tu, hapana taabu," na mkewe nyuma ya pazia ataziba pua ya mtoto kwa ncha ya leso. Jibu lile halikuwa idhini. Lilikuwa ni adabu ya mwenye nyumba, na mgeni ameitumia adabu hiyo kumfungia mdomo. Haya za mtu si mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo nasema, wala sisemi kwa mzaha, kwamba usiulize kabisa: ukishikwa na hamu ya tumbaku nyumbani kwa mtu, omba radhi, toka nje, shuka ngazi ufike uwanjani, vuta, kaa kitambo kidogo mpaka pumzi yako isafike, kisha urudi. Mwenyeji akikusihi uketi umvutie ndani, mshukuru, na utoke vilevile.

Nyumbani kwangu mwenyewe, katika siku za arubaini ya binti yangu, alikuja jamaa wa upande wa mume kutupa mkono wa heri. Alipokewa kwa taadhima yote astahiliyo mkwe. Akaketi katika chumba kilichopakana na chumba cha mzazi, akavuta sigara moja, na ya pili akaiwasha kwa moto wa ile ya kwanza. Mke wangu akawa anaingia na kutoka, akisukuma mlango taratibu, akifungua dirisha lililokuwa wazi tayari, mwisho akaleta chetezo akafukiza udi. Na mgeni wetu akausifu udi. Hasira niliyoipata siku ile haijanitoka hata leo, kwa kuwa yule bwana alikuwa mtu wa elimu na cheo, mwenye watoto wake, na ishara zote zile alifanyiwa mbele ya macho yake asione hata moja. Na maadamu nimeutaja udi, niseme ukweli wote: kufukiza udi juu ya moshi wa sigara ni sawa na kujipaka marashi juu ya nguo isiyofuliwa, kwani harufu hubadilika na uchafu ukabaki, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu yafaa ipunguze udi na ubani pia.

Kuhusu dirisha, ambalo ndilo kimbilio la wavutao, mengi hayajulikani na watu ambayo yangefaa yajulikane. Sigara iwakayo hutoa moshi wa namna mbili: ule anaouvuta mwenyewe akautoa kinywani, na ule utokao katika ncha iwakayo wakati sigara imekaa tu vidoleni au katika kisahani cha majivu. Huu wa pili haupiti katika kichungi wala katika kifua cha mtu yeyote kabla ya kuwafikia wengine, nao ndio sehemu kubwa ya moshi unaotanda chumbani. Wataalamu wamehesabu katika moshi wa tumbaku kemikali zaidi ya 7,000, na miongoni mwazo kiasi cha 70 zajulikana kuwa huleta saratani. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyokata shauri kwamba hakuna kiasi cha moshi huu kilicho salama kwa asiyevuta, na kwamba kufungua madirisha, kuwasha mapanga ya hewa au kuwatenga wavutao upande mmoja wa chumba hakumkingi aliyemo. Basi mtu anaposogea karibu na dirisha, akatoa mkono nje na kuiacha pua yake ndani, amejiridhisha nafsi yake tu. Moshi huo hunata katika mapazia, mazulia na mito, na ndiyo maana aingiaye asubuhi hujua kwamba jana palikuwa na mvutaji.

Sisi Waislamu tunalo fundisho ambalo kila mtoto wa chuoni amelisikia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwataka waliokula vitunguu au vitunguu saumu wajitenge na msikiti, ili harufu yao isiwaudhi wenzao. Chakula kile ni halali, harufu yake haimgonjeshi mtu, na bado kimewekewa hadhari namna hiyo. Sioni basi mtu ajifunze kwa nani kwamba yafaa kuwaingiza wengine katika moshi uwadhurio, kisha asimame nao safu moja akiwa na harufu hiyo katika kanzu yake.

Nageuka sasa kwa mwenye nyumba anayevuta ndani ya nyumba yake, na hapa sitakuwa mpole. Yeye husema, "Hapa ni kwangu." Ni kwako, na kwa hiyo wewe ndiwe mwenye dhamana ya waliomo. Mgeni akichoshwa na moshi wako ataaga. Mkeo ataaga aende wapi? Mtoto anyonyaye ataaga aende wapi? Yule binti wa kazi, aliyeletwa kutoka kwao akiwa hana jamaa hapa mjini, ambaye hukimwaga kisahani chako kila asubuhi, atakwambia nini? Mwaka 1604 Mfalme James wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaumu tumbaku, na katika malalamiko yake alimshutumu mume amtesaye mke wake kwa uvundo wa moshi, asimwachie ila ama avute naye ama aishi katika adhabu hiyo. Mfalme yule hakujua habari za saratani. Aliyeileta hoja ni Mjapani, Takeshi Hirayama, aliyechapisha mwaka 1981 habari za wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta, waliofuatwa muda wa miaka 14. Ikadhihirika kwamba wake wa wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wake wa wasiovuta, na kadiri mume alivyozidisha sigara ndivyo hatari ya mkewe ilivyozidi. Walikuwa wanawake ambao hawakuigusa sigara. Kwa watoto mambo ni mabaya zaidi, maana vifua vyao ni vidogo na pumzi zao ni za haraka: moshi huwazidishia pumu, homa ya mapafu na maradhi ya masikio, na huwaua wachanga usingizini. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kwa moshi wa wavutao. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti; marehemu mama yangu aliupenda msemo huu, na mimi hunijia kila nimsikiapo mtu akisema kwamba watoto wake wameuzoea moshi. Mtoto hauzoei moshi. Hukohoa mpaka watu wa nyumbani wakazoea kumsikia akikohoa.

Wala usimtume mtoto dukani kukununulia sigara. Hilo halihitaji maelezo.

Katika vyombo vya safari ndugu zangu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2007 iliyokataza kuvuta katika mahali pa watu wote, pamoja na matatu na mabasi, na Tanzania nayo ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2003. Nashukuru kwamba abiria siku hizi wameacha. Madereva bado, na hasa wa magari ya kukodi, ambao huvuta baina ya abiria na abiria, wakadhani kwamba kiti kikiwa kitupu basi gari halina mtu; mama apandaye na mwanawe baada ya dakika tano hukuta moshi wote umo.

Vijana wa shisha huniambia kwamba moshi wao hupita majini ukasafika. Haukusafika. Maji huupoza tu, ukavutika kwa wepesi na kwa wingi zaidi, na makaa huongeza sumu yake. Na Kenya iliipiga marufuku shisha mwezi wa Disemba 2017. Lakini sebule hazina askari, na nimeiona ikiwashwa katika karamu ya arusi, chumbani mwa bi arusi, wamo wajawazito.

Penye matanga watu husongamana, madirisha hufungwa kwa heshima ya wafiwa, na wavutao huongezeka kwa huzuni. Tokeni nje. Wafiwa wana machozi yao ya kutosha.

Limebaki neno kwa tusiovuta, maana nasi tumo katika kosa la namna nyingine. Wako wanaomkaripia mvutaji mbele ya watu, wakapunga mikono usoni, wakamwita mchafu, na kijana akamfanyia hivyo mzee wa makamo ya babake. Tumbaku humtia mtu utumwa, na wengi ninaowajua wamejaribu kuiacha wakashindwa, wakajaribu tena; hawa hawahitaji kufedheheshwa. Mwambie faraghani, na kabla hajawasha. Kama ni mzee, tanguliza shikamoo na sema, "Mzee wangu, ndani yumo mwenye kifua, naomba nikutolee kiti nje tukae pamoja," na ukitoe kweli kiti hicho, uketi naye, usimwache peke yake mlangoni kama aliyefukuzwa. Wanawake wa nyumba nao wasiachiwe mzigo huu wa kusema. Aseme mwenye mji, na aseme mara moja katika kuwakaribisha watu, kwamba nyumba hii haivutiwi, na mahali pa kuvutia ni pale uwani, pana kiti, pana maji, na pana kopo la mchanga la kuzimia vipande vya sigara.