Maji ya paa letu ni ya nani?

Mvua ni kazi ya Mungu. Hakuna abishaye neno hilo. Lakini maji yakiisha kupita juu ya bati la nyumba yetu, yakaanguka penye ukuta wa jirani aliye chini yetu, yakaulegeza udongo hata ukuta ukainama, je, bado tuseme ni kazi ya Mungu? Au sasa imekuwa kazi yetu? Hapa Vulamba tunakaa mlimani, nyumba hii juu ya ile kama vipandio vya ngazi. Basi swali hili si la wenye vitabu tu. Ni la kila mwenye paa.

Wazee wetu walipoezeka kwa nyasi, jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Nyasi hunywa maji, huyachelewesha, kisha huyadondosha kidogo kidogo pande zote. Bati halinywi hata tone. Na tufanye hesabu, maana hesabu hufungua macho. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 hupokea mvua kwenye mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 20, nayo kwetu si ajabu kwa alasiri moja, paa hilo limemwaga lita 1,600, yaani bidoni 80 za lita 20. Nani kati yetu angethubutu kusimama mpakani mchana, akamwaga bidoni 80, moja baada ya nyingine, juu ya msingi wa mama mjane? Mtaa wote ungempigia kelele. Kumbe bati letu lafanya hivyo hivyo usiku sisi tukilala, na asubuhi tunampita yule mama na kumwamkia kana kwamba hakuna neno.

Watu wa kale waliliona jambo hili. Warumi walikuwa na sheria juu ya maji ya mvua tangu Meza zao Kumi na Mbili, miaka 450 hivi kabla ya Kristu, na wanasheria wao walipambanua mambo mawili: maji yashukayo yenyewe kwa jinsi mlima ulivyo, na maji yaliyogeuzwa njia kwa kazi ya mkono wa mtu. Ya kwanza, aliye chini ayavumilie. Ya pili, aliyeyageuza aulizwe. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804, ambayo Wabelgiji nao waliifuata, yasema hivyo hivyo katika kifungu cha 640, na kifungu cha 681 chataja paa lenyewe: mwenye nyumba ajenge paa lake hivi kwamba maji yaangukie kiwanja chake mwenyewe au barabara ya watu wote, wala si kiwanja cha jirani. Na kabla ya hao, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari yake, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni: paa limehesabiwa kati ya mambo ambayo mtu huulizwa mbele ya Mungu.

Hatusemi kwamba kila balaa la maji lina mtu wa kuulizwa hivyo. Mwezi wa tano mwaka 2023, mito iliposhuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, ikaua watu mamia, si mifereji ya paa ambayo ingewaokoa. Lakini tusijifiche nyuma ya maji makubwa ili tusahau haya madogo yaliyo mikononi mwetu.

Mwingine atajibu: Mimi nimekwisha kulipa fundi, nina mfereji wa bati pande zote mbili za nyumba. Vema. Ila mfereji una hatari yake. Maji yaliyokuwa yakianguka kotekote sasa umeyakusanya mahali pamoja. Ukiziba, yote humwagika penye kona moja kwa nguvu, na kona hiyo mara nyingi ndiyo iliyo juu ya jirani. Hata usipoziba, bomba la kushushia maji likiishia mpakani, bila pipa, bila shimo la mawe, bila njia ya kufika mtaroni, afadhali usingeweka mfereji kabisa. Wako watu wanaojivuna kwa bomba la namna hii!

Na mfereji huziba lini? Si siku ya mvua. Huziba siku za jua, majani ya mikaratusi yakianguka, vumbi jekundu la barabara likitua, ndege akileta nyasi za kiota. Mvua ya kwanza huugeuza mchanganyiko huo kuwa tope, na tope huota majani. Kwetu sisi tulio karibu sana na ikweta, mvua hupungua mwezi wa kwanza na wa pili, tena wa sita na wa saba, lakini haiondoki kabisa. Hakuna majira ambayo mtu aweza kusema: sasa nimemaliza mpaka mwakani. Kwa hiyo kosa letu hatulitendi usiku ule ukuta ulipoanguka. Tulilitenda wiki tatu kabla, mchana mweupe, tulipotazama juu, tukaona majani, tukasema kesho.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatoa mfano wa nahodha. Merikebu ikizama kwa kuwa hakushika usukani, yeye ndiye mwenye kuizamisha, ikiwa aliweza kuushika na tena ilimpasa. Maneno hayo mawili, kuweza na kupaswa, yanafaa kupimwa nyumbani kwetu. Bibi mzee hawezi kupanda ngazi. Hana kosa, ila vijana wa mtaa wake wanaomwona wana neno la kujiuliza. Mpangaji hapaswi kununua bati. Hilo ni la mwenye nyumba anayepokea kodi. Lakini kuondoa majani, na kupeleka habari kwamba kishikizo kimeng'oka au bati limetoboka kwa kutu, hayo anaweza, basi yanampasa. Tena katika sala ya kuungama tunataja yale tuliyoacha kuyatenda, neno ambalo Misale ya mwaka 1970 iliongeza juu ya mawazo, maneno na matendo. Wengi tunapofika hapo tunapita mbio, hatujui tuweke nini.

Naye jirani wa chini asinyamaze kwa kuogopa ugomvi mpaka ukuta uanguke, kisha akapeleka shauri kwa wakubwa. Aseme mapema, na kwa upole.

Sisi tulio juu tuna njia moja rahisi ya kujua hali ya mfereji wetu. Tusiutazame kutoka mlangoni petu, maana hapo pakavu. Mvua ikinyesha, tuvae koti, tushuke, tubishe hodi kwa jirani, tusimame naye penye ukuta wake, tuangalie maji yanakoangukia.