Mjane Akichagua Kati ya Mabaya Mawili

Sisi wachungaji tumezoea kuulizwa swali moja: aliyefanya jambo hili, je, ametenda dhambi? Swali hilo lina mahali pake. Lakini wapo watu ambao tukianza nalo kwao, tunapotea njia hata kabla ya kujibu. Katika insha hii nawaomba tuwatazame wajane wa vita vya mashariki mwa Kongo, majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kisha tujiulize swali lililo gumu zaidi: wanapochagua yale wanayoyachagua, sisi tulio nje tunahusikaje?

Tuanze na kuni. Kabla mji wa Goma haujatwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vita waliishi katika kambi zilizouzunguka mji huo: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, Rusayo na nyingine. Walilala katika vibanda vya turubai vilivyosongamana, vingi vikiwa juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata tuta la mchicha halipatikani. Chakula cha msaada kilikuja kwa kusuasua. Kwa mama mwenye watoto, njia iliyobaki ilikuwa kwenda msituni, pembezoni mwa Hifadhi ya Virunga, kutafuta kuni: nyingine apikie, nyingine auze apate unga. Na huko msituni kulikuwa na wanaume wenye bunduki.

Madaktari wa shirika la MSF waliripoti kwamba katika mwaka 2023 walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi wao katika kambi za Goma. Wengi walivamiwa walipokwenda kutafuta kuni, maji au chakula. Wanawake hawa hawakuwa wajinga wa hatari hiyo. Walikuwa wamewaona wenzao wakirudi. Walikwenda kwa sababu walishapiga hesabu.

Hesabu ya mjane ni nzito kuliko ya wengine. Hana wa kumsindikiza wala wa kumwachia watoto. Akienda mwenyewe, watoto wanabaki peke yao. Akimtuma binti yake, huenda yakampata binti. Wakibaki wote, wanalala njaa. Wengine wakaamua kumwoza binti mapema ili apungue mlaji mmoja. Wengine wakakubali kulala na mtu mwenye fedha au chakula. Halafu Goma ilipotwaliwa, kambi zikavunjwa, watu wakaamriwa warudi walikotoka, na wengi hawakuwa na nyumba ya kurudia. Hesabu ikaanza upya.

Sasa tuseme mmoja wa akina mama hao anafika katika usharika wetu, akiwa na mtoto aliyezaliwa kambini. Tunajua utaratibu uliozoeleka katika sharika nyingi. Aliyezaa nje ya ndoa anawekwa kando na Chakula cha Bwana, anafundishwa, kisha anasimama mbele ya watu na kurudishwa kundini. Mimba inaonekana, kwa hiyo mwanamke anaonekana. Aliyempa nusu gunia la unga kwa sharti lile haonekani, wala hakuna baraza la wazee linalomwita. Kanuni yenyewe ilitungwa kulinda utakatifu wa ndoa. Lakini ikitumiwa hivi inamkamata aliyelemewa na kumwacha aliyelemeza.

Mtu atapinga kwa haki: je, tukisema mama huyu hana kosa kwa kuwa alilazimika, hatumfanyi kuwa kama jiwe lililosukumwa, lisilo na nia wala akili? Pingamizi hili si dogo. Aristotle aliwahi kulizungumza kwa mfano wa wasafiri wa baharini ambao katika dhoruba wanatupa shehena yao majini. Hakuna mwenye akili timamu anayetupa mali yake kwa kupenda. Hata hivyo wanaotupa wameamua wao, na wameamua vema, kwa sababu wanaokoa watu. Ndivyo alivyo mjane wa Bulengo. Ameamua. Uamuzi wake una akili, una upendo na una ujasiri kuliko maamuzi mengi ninayoyaona katika maisha yetu ya amani. Tumheshimu kama mtu aliyechagua, wala tusimtwike lawama ya dhoruba. Dhoruba ya baharini haina mwenyewe. Hii ya Kivu inao wenyewe.

Maandiko yanatusaidia hapa, kwa sababu hayaoni haya kusimulia habari za namna hii. Katika 2 Wafalme 6, Samaria imezingirwa na njaa imewafikisha akina mama pabaya kiasi cha kumla mtoto. Mfalme anapita juu ya ukuta, mwanamke mmoja anamlilia. Mfalme anasikia, anararua mavazi yake, na watu wanaona kwamba ndani amevaa gunia. Huzuni yake ni ya kweli. Lakini baada ya huzuni hiyo anafanya nini? Anaapa kumkata Elisha kichwa. Hasemi neno tena na yule mama. Tuangalie sana, maana wengi wetu tunapita juu ya ukuta ule. Tunaona picha kwenye simu, tunahuzunika kweli, kisha tunatafuta wa kumlaumu, na mama anabaki pale pale chini.

Sura mbili kabla, katika 2 Wafalme 4, yuko mjane mwingine. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamwulizi deni lile lilipatikanaje, wala hampimi imani yake. Anamwuliza amfanyie nini, na ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Ndipo anamwagiza aazime vyombo kwa majirani wote, visiwe vichache. Muujiza ni wa Mungu, lakini mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Majirani hawakutoa mafuta. Walitoa vyombo, na idadi ya vyombo ikawa kipimo cha msaada uliomfikia. Kwangu mimi, hapo ndipo wajibu wa watu wa nje unapoonekana vizuri zaidi.

Hata hivyo watu wa nje hawalingani, na si haki kuwaweka wote kwenye kapu moja. Wa kwanza ni wanaofaidika. Mwaka 2024 machimbo ya Rubaya huko Masisi yaliingia mikononi mwa M23. Koltani inayotoka humo inasafiri mbali, hatimaye inakuwa sehemu ya vifaa tunavyobeba mifukoni. Serikali inayowapa silaha wapiganaji, mfanyabiashara asiyeuliza mzigo umetoka wapi, kampuni inayoridhika na karatasi tu: hao wanashiriki kutengeneza dhoruba, na lawama yao ni kubwa.

Wa pili ni wanaokuja kusaidia wakiwa na uwezo mkononi. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, wanawake walieleza kwamba walitakiwa kulala na watumishi wa misaada ili wapate kazi au waendelee nayo. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake Septemba 2021. Ilihesabu watuhumiwa zaidi ya 80, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika lenyewe. Kanisa lisisome habari hii kama ya wengine tu. Popote mwenye ghala anapokutana na mwenye njaa, awe mtumishi wa shirika au wa diakonia, jaribu ni lile lile, na panahitajika ulinzi kuliko kuaminiana.

Wa tatu ni sisi tunaodhani tuko mbali. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoani Kigoma, tangu 1996. Humo wamo wajane kutoka Kongo. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 hawatoki kambini bila kibali, kwa hiyo ni vigumu kwao kulima au kufanya kibarua nje. Mgawo wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja wafadhili walipopungukiwa. Na kuni zinatafutwa porini huko pia. Nchi yetu ina sababu zake za kulinda mipaka, na imepokea wakimbizi wengi kwa miaka mingi, hilo tulishukuru. Lakini tukimzuia mama kufanya kazi, halafu chakula chake kikapunguzwa, mabaya mawili anayochagulia yamewekwa mbele yake kwenye ardhi yetu wenyewe.

Luther, akifafanua Amri ya Tano katika Katekisimu Kubwa, anafundisha kwamba amri hiyo haivunjwi na panga peke yake. Anayemwona mwenzake ana njaa na ana uwezo wa kumlisha asimlishe, amemwua kwa njaa. Mafundisho hayo tunawapa watoto wetu wa kipaimara. Uzito wake ni kwamba uwezo huleta wajibu, na uwezo wetu si sawa. Sitawajibika kwa yale yaliyo nje kabisa ya mkono wangu. Hilo ni la Mungu. Lakini chombo nilicho nacho nyumbani nitaulizwa.

Basi vyombo vyetu ni vipi? Kwanza, kwa mama aliyepita huko, mezani pa Bwana pasiwe mahali pa kusimamishwa mbele ya watu. Kama moyo wake unamsumbua, na apewe ungamo la faragha na ondoleo la dhambi kama Mkristo mwingine yeyote, kisha alishwe. Pili, sadaka zetu kwa wakimbizi ziende kwenye vitu vinavyopunguza safari za porini: majiko yanayotumia kuni kidogo, nishati nyingine, na utaratibu wa kwenda kwa vikundi. Tatu, viongozi wetu wanapokutana na serikali, waombe kwa heshima na bila kuchoka kwamba wajane walioko kambini waruhusiwe kufanya kazi halali. Nne, kila chombo cha diakonia kiwe na mtu ambaye mwanamke anaweza kumfikia na kulalamika bila kupoteza mgawo wake.

Mjane wa Zaburi, wa Injili na wa Waraka wa Yakobo ni yule yule aliye msituni leo akikusanya kuni. Wazee wa kanisa watakapokutana mara nyingine kujadili nidhamu ya usharika, naomba ajenda ya kwanza iwe hii: ni chaguo gani jema ambalo tungeweza kumwekea mbele yake, nasi hatujaliweka?