Kuomba Msamaha Huku Tumeshika Mali

Kila Jumapili sisi washarika tunaungama dhambi zetu kwa pamoja. Mchungaji anatangaza ondoleo, tunaketi, ibada inaendelea. Lakini tulipokuwa tukiungama, mikono yetu ilikuwa imeshika nini?

Swali hili liliulizwa miaka zaidi ya 400 iliyopita na William Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza. Wengi wetu tunamfahamu kwa sababu Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Katika hiyo ya pili, maneno ya Portia kuhusu rehema hupendwa sana. Ila yapo maneno mengine, katika tamthilia ya Hamlet, ambayo hatuyapendi vile, nayo yanatuhusu zaidi.

Claudius amemwua ndugu yake, mfalme wa Denmark, kwa kumtia sumu sikioni akiwa amelala bustanini. Akatwaa taji, akamwoa mjane. Siku moja dhamiri inamchoma, anajitenga ili aombe. Anajua kwamba dhambi yake ni ile ya Kaini. Anajua pia kwamba rehema ya Mungu yaweza kuiosha. Kinachomkwamisha ni hiki: ataombaje msamaha wakati taji na malkia, vitu alivyoviulia, angali navyo? Duniani, anasema, mali ya wizi huweza kuinunua hata sheria, mbinguni sivyo.

Hata hivyo anapiga magoti. Hamlet, mwana wa marehemu, anapita na upanga, anamwona, anadhani huyu ametubu kweli, anamwacha. Kisha Claudius anainuka na kukiri kwamba maneno yake yalipanda juu, lakini moyo wake ulibaki chini.

Hamlet alidanganywa na magoti. Nasi hudanganyana hivyo hivyo. Tunawajua watoto wa marehemu ndugu zetu wanaokosa ada ya shule, huku sisi tukipokea kodi ya nyumba aliyoijenga baba yao. Tunaujua mpaka wa shamba la mjane tuliousogeza usiku. Na sisi wachungaji tumekaa katika vikao vya mirathi tukanyamaza, kwa kuwa aliyedhulumu ni mtoaji mkubwa wa sadaka.

Je, tunasema kwamba msamaha hununuliwa kwa kurudisha mali? Hasha. Tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Katika Luka 19, Bwana Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia. Lakini ilipoingia, mkono ulifunguka: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa waliodhulumiwa. Kurudisha si bei ya msamaha. Ila ngumi iliyofumbwa haiwezi kupokea kitu.

Shakespeare anasema kwamba Hamlet alikuwa mwanafunzi wa Wittenberg. Huo ndio mji ambao Martin Luther, mwaka 1517, alitoa hoja zake 95, na hoja ya kwanza yasema kwamba maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Toba hiyo haiishi tunapoketi baada ya ungamo. Inafika mpaka kwenye hati ya kiwanja iliyofichwa sandukuni.

Claudius alikuwa mkweli kuliko wengi wetu, kwani alikiri kwamba moyo wake haukuomba. Kosa lake ni kuishia hapo, akainuka akarudi kwenye kiti cha enzi. Angeweza kuomba apewe moyo ambao hakuwa nao. Ombi hilo nasi tunaweza kuliomba leo, hata kama vidole vyetu bado vimeshika: Bwana, hatuwezi kuachia, tufungue mkono. Kisha, kabla ya Jumapili ijayo, twende kwa mjane yule tukabishe hodi.