Mimi Si Daktari, Mama



Mjomba wangu ni tabibu katika kituo cha afya cha daraja la tatu, mashariki mwa Uganda. Amesoma stashahada ya miaka 3, hakusomea udaktari. Wagonjwa hawaijali tofauti hiyo. Kwao kila mwenye koti jeupe ni musawo. Yeye anaijali. Likizo iliyopita nilimsikia kila asubuhi: "Mimi si daktari, mama, ni tabibu. Haya, umeanza kuumwa lini?" Kisha hunyamaza mpaka mama amalize kusema.

Iliniudhi. Nikamwambia, "Mjomba, unajivunjia heshima. Mgonjwa akikutilia shaka, hata dawa hatameza."

Akanijibu, "Siku nikimwambia apande gari aende kituo cha nne kwenye chumba cha upasuaji, nataka aondoke siku hiyo hiyo. Aliyezoeshwa kwamba mimi namaliza yote, atabaki hapa ananingoja."

Kazi ya aina hii ina historia yake. Kule Marekani ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, Dk. Eugene Stead alipowachukua wanaume 4 waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini, wafundishwe kufanya kazi chini ya daktari. Yaani fani yenyewe ilijengwa juu ya mpaka. Kwetu tabibu mara nyingi ndiye mkuu wa kituo na daktari yuko mbali. Mpaka huo anaulinda mwenyewe, usiku, bila wa kumtazama.

Sisi wa masomo ya Kiislamu tunaijua hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Niliihifadhi kwa ajili ya mtihani, nikafaulu. Abu Dawud huyo huyo amepokea kwamba baba yake Abu Rimtha alijitambulisha kwa Mtume (s.a.w.) kuwa ni tabibu, akaambiwa Tabibu ni Allah, yeye ni rafiq, mtu wa upole. Ndilo neno lililotupa "rafiki". Sioni kwamba alishushwa cheo. Naona alipewa kazi anayoiweza binadamu.

Lakini mimi nina haki gani ya kumsema mjomba? Wikiendi moja tulikwenda kijijini kwa da'wa. Kijana mwenye kanzu, watu wakaniita sheikh, nikaitika. Mjane mmoja asiye na mtoto akaniuliza fungu lake la mirathi. Nikamwambia robo, tena kwa sauti ya kujiamini. Sikumuuliza kama marehemu aliacha watoto kwa mke mwingine. Alikuwa nao, kwa mke aliyemwacha zamani. Fungu la mjane lilikuwa thumuni. Mjomba asingetoa hata panadoli kabla ya kuuliza maswali matatu.

Niligundua siku ya Jumanne, darasani. Jumamosi nikapanda bodaboda kurudi. Mama yule alikuwa amekwisha kugombana na mashemeji zake juu ya robo yangu. Alinikaribisha kwa heshima, akanitandikia mkeka, akasema, "Karibu, sheikh."

Nikamwambia, "Mimi si sheikh, mama. Ni mwanafunzi, na nilikosea."

Alinitazama kwa muda. Kisha akamwita shemeji yake mkubwa aje asikie.