Kufaidika Si Ushahidi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Tarehe 26 Septemba 2022 mabomba ya Nord Stream, yaliyojengwa kupeleka gesi ya Urusi Ujerumani, yalipasuliwa chini ya Bahari ya Baltiki. Upelelezi haujaisha, watu walikwisha kuhukumu: huyu ataja Urusi, yule Marekani, mwingine Ukraini, na hoja yao ni moja, kwamba aliyefaidika ndiye aliyetenda. Februari 2024 Swideni na Denimaki zilifunga uchunguzi wao pasipo kumshitaki mtu. Ujerumani ikaendelea na wake.

Hoja hiyo haisimami katika sharia. Mrithi hufaidika kwa kufa baba yake, na muuaji harithi. Basi lau faida ingekuwa ushahidi, mirathi yote ingebatilika. Mfugaji wa Basotu, huko Hanang, akipotewa na ng'ombe, akamtuhumu jirani kwa ugomvi wa malisho, mbele ya kadhi ataambiwa alete ushahidi. Akikosa, jirani huapa, na dai huanguka.

Ikiwa ng'ombe mmoja ana haki hiyo, je, taifa zima, ambalo kwa tuhuma hupigwa vita? Sura ya Al-Hujurat imeamrisha habari zithibitishwe, wasije watu wakadhuriwa kwa ujinga. Na mtendaji hakuokoka: asipojulikana kwa waja, Mola wake amjua. Wallahu aalam.