Nyumba ndiyo shule ya kwanza



Baba mmoja wa kijiji chetu, naye ni mkatekumeni kama ninyi, alinijia jioni akasema: «Mwalimu, nimekata shauri. Mwanangu wa kiume ataendelea na masomo. Binti yangu atabaki nyumbani. Mama yake atamfundisha kulima na kutwanga, na hayo yatosha.» Nikamwuliza: «Na huyo wa kiume, nani atamfundisha kusali na kuheshimu wazee?» Akajibu: «Je, si ninyi waalimu?»

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma moyo. Kila siku nafundisha watoto wa wengine, na kumbe mwanangu mdogo hakujua hata kufanya ishara ya msalaba. Mimi nilidhani mama yake amemfundisha. Mama yake alidhani nimemfundisha mimi. Mtoto alikaa na njaa katikati ya vyungu viwili.

Basi tutazame Jamaa Takatifu. Katika Evanjili ya Luka, sura ya 2, Yezu mwenye miaka 12 ameketi hekaluni kati ya waalimu, anawasikiliza na kuwauliza. Kwa hiyo masomo si kitu cha kudharau. Kisha alirudi Nazareti pamoja na Maria na Yozefu, akawatii. Kwa hiyo nyumba nayo ni shule. Mwana wa Mungu hakushika moja na kuacha nyingine.

Kanisa lafundisha vivyo hivyo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Shule huwasaidia, haiwaondolei mzigo. Ulitangaza pia kwamba watu wa kila kabila, kila hali na kila umri wana haki ya kufundishwa. Je, binti si mtu? Hata katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni bure; nayo haibagui binti.

Labda mama mmoja atasema: «Mimi sijui kusoma, nitafundisha nini?» Mama, wewe wajua kusema kweli, kumgawia mgeni chakula, kupiga magoti kabla ya kulala. Mtoto hujifunza hayo kwa kukutazama wewe, wala si kwa kutazama ubao.

Yule baba alinyamaza kitambo kirefu. Siku ya kwanza ya juma akaleta watoto wote wawili shuleni. Sasa, wakirudi, wote wawili huchota maji. Jioni binti husoma Evanjili karibu na moto, na baba huongoza sala.

Nanyi, wapendwa, leo kabla moto haujazimika, iteni watoto wenu. Mkawaulize waliyojifunza shuleni, kisha mwafundishe yaliyo yenu. Msingoje siku ya ubatizo ndipo muanze. Mungu azibariki nyumba zenu. Amina.